Saa za ziada hotelini hazilipwi: nianzie wapi kudai?

Mpishi, Kiwengwa
Assalamu alaykum. Ninafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya huku Kiwengwa, Zanzibar. Mkataba wangu unataja saa nane kwa siku, lakini tangu wageni walipoanza kujaa mwezi wa Julai, sisi wa zamu ya asubuhi hatutoki mpaka chakula cha usiku kiwe tayari. Tukiulizia ovataimu tunaambiwa kwamba tutafidiwa kwa mapumziko wakati wa masika, hoteli itakapofungwa, na kwamba fedha za sava chaji (ada ya huduma wanayotozwa wageni) tunazogawiwa kila mwezi ndiyo ovataimu yenyewe. Nimesoma mtandaoni kuwa saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Je, nimpelekee meneja kifungu hicho? Akikataa, niende wapi?

Mjumbe wa chama cha wafanyakazi, Mjini
Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Usipeleke kifungu hicho. Ulichokisoma, pamoja na kikomo cha saa 45 kwa wiki, kimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nayo ni ya Tanzania Bara. Kazi na ajira si mambo ya Muungano, na Zanzibar tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 pamoja na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huo huo. Inauma kuona dai la haki likirudishwa kwa sababu tu barua imenukuu sheria isiyohusika, na mwajiri akapata kisingizio cha kutojibu hoja yenyewe. Kwetu unaanzia Kamisheni ya Kazi, ambako utaelekezwa kwenye usuluhishi, na usuluhishi ukishindikana mgogoro hufika Mahkama ya Kazi.

Ama sava chaji, hiyo imetoka mfukoni mwa mgeni na anagawiwa hata aliyeondoka kazini kwa wakati wake. Vipi basi iwe ujira wa saa ulizobaki wewe peke yako jikoni?

Mhasibu, Chake Chake
Naongeza la ushahidi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapokwama. Rosta ya jikoni hubandikwa ukutani na hubanduliwa wiki inapokwisha, kwa hiyo ipige picha ikiwa bado ipo. Weka daftari lako la tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka na jina la aliyekuamuru ubaki. Litasomwa sambamba na kitabu cha mlinzi wa getini, ambacho mwajiri hawezi kusema umekiandika wewe. Usitie saini karatasi inayosema umelipwa stahiki zako zote ilhali hujalipwa.

Angalia pia mkataba wako unamalizika lini. Ikiwa unakwisha kabla ya masika, hayo mapumziko uliyoahidiwa utayachukua ukiwa mfanyakazi wa nani? Omba ahadi hiyo iandikwe, na idadi ya siku itajwe.

Mpishi, Kiwengwa
Nashukuruni sana. Mkataba unakwisha mwezi wa Machi, na hilo sikuwa nimelihusisha. Wenzangu wa jikoni nao wanadai. Twende pamoja au kila mtu peke yake?

Mjumbe wa chama cha wafanyakazi, Mjini
Nendeni pamoja, lakini kila mmoja awe na hesabu ya saa zake mwenyewe. Barua ya kwanza mpelekeeni mwajiri, mbakie na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na ndiyo mtakayokwenda nayo Kamisheni.