MJADALA: Katika hadithi za mumia, mkosaji ni maiti au aliyefukua kaburi?

Wadau, kuna mwenzetu kasema filamu za kutisha za mumia (maiti za kale za Misri zilizokaushwa zisioze) ni burudani tu, na anayelalamika anatafuta makosa. Mimi napinga.

Novemba 1922 Howard Carter, mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Uingereza, alifikia kaburi la Farao Tutankhamun kule Luxor, Misri, kwa fedha za tajiri Mwingereza, Lord Carnarvon. Carnarvon akaliuzia gazeti la The Times la London haki ya habari za kaburi, lenyewe peke yake. Waandishi wengine, hata Wamisri waliokuwa kwao, wakabaki kusubiri nje. Aprili 1923 Carnarvon akafa Cairo: mbu alimuuma shavuni, akajikata palepale akinyoa ndevu, damu ikaingia sumu. Basi, magazeti yaliyonyimwa habari yakapata ya kwao: eti kauawa na laana ya farao! Carter, aliyelifungua kaburi, aliishi hadi 1939.

Sasa tazameni alichofanyiwa Tutankhamun mwenyewe. Mwaka 1925 mwili ulikutwa umegandamana na jeneza la dhahabu kwa utomvu uliomiminwa wakati wa maziko. Wakamkata viungo, wakatenganisha kichwa na kiwiliwili, na kinyago wakakibandua kwa visu vilivyopashwa moto. Mfalme aliyekufa angali kijana! Halafu tunafundishwa kumwogopa yeye.

Filamu ya Marekani ya 1932 ikaenda mbali zaidi: zimwi lake likaitwa Imhotep. Imhotep wa kweli alikuwa mtumishi mkuu wa Farao Djoser, anayetajwa kuwa ndiye aliyebuni piramidi ya ngazi ya Saqqara, na baadaye Wamisri walimwendea kama mungu wa uponyaji.

Najua mtaniambia Wamisri wenyewe wanaonyesha mumia. Kweli, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Lakini Aprili 2021, wafalme na malkia 22 walipohamishiwa makumbusho mapya ya Fustat, Cairo, walipigiwa mizinga 21 na Rais akawapokea mwenyewe. Walipokewa kama wakuu wa nchi. Mumia waliolala ndani ya vioo kwenye makumbusho ya London hawajapata heshima hiyo, na kwa maoni yangu Misri ikiwataka warudishwe, bila masharti.

Anayesema ni burudani tu anijibu hili: bibi yako akifukuliwa, akakatwakatwa, kisha akaigizwa kama zimwi linalonyonga watu, utalipa kiingilio ukamtazame?