Methadoni, buprenofini au naltreksoni: mdogo wangu abaki Dar au arudi Bukavu?

NaKadutu
Jambo sana. Mdogo wangu yuko Dar, alikuwa anavuta unga (heroini). Sasa anakunywa methadoni kila asubuhi kwenye kliniki, muuguzi akimwangalia mpaka ameze. Mama anataka arudi huku Bukavu, Kongo, aombewe, aache vyote. Nasikia kuna buprenofini na naltreksoni. Zinatofautianaje?

Yaya_Ibanda
Leki (mdogo wangu), kwanza mama asimkatishe ghafla. Arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, kwa methadoni inachelewa kuanza, lakini ikianza inaburuta kwa wiki. Na mwili ukishapoteza mazoea ya unga, siku akirudia unga kwa kiasi chake cha zamani, pumzi inakata. Hivyo ndivyo wengi wanavyokufa.
Methadoni inakaa palepale unga unapokaa kwenye ubongo, ila taratibu. Kikombe kimoja kinamshika siku nzima. Ubaya ni foleni ya kila siku, na ikikutana na pombe au dawa za usingizi kama Valium inaweza kuua. Kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu, aseme mapema: rifampisini inaipunguza nguvu.

Shaba_Lushi
Mimi ningetaka buprenofini. Inayeyuka chini ya ulimi, ukiimeza haifai kitu. Kuanzia kiwango fulani, hata ukiongeza vidonge nguvu haipandi tena, kwa hiyo ikiwa peke yake si rahisi ikate pumzi. Ila kutoka methadoni kuna ngazi: wanamteremsha mpaka kama mg 30 au chini, kisha anakaa bila dawa siku moja au zaidi mpaka arosto ionekane wazi: jasho, miayo, mafua, tumbo kukatika. Akiwahi, buprenofini inaisukuma methadoni nje na arosto yote inamwangukia saa hiyohiyo.

NaKadutu
Na ile sindano ya mwezi? Mama ameisikia kanisani.

Yaya_Ibanda
Naltreksoni, mg 380 kila wiki 4. Hailevyi, inaziba tu unga usifanye kazi kwenye ubongo. Lakini lazima kwanza akae bila unga siku 7 hadi 10, na kwa aliyetoka methadoni hata wiki mbili. Wengi wanarudi mtaani kabla ya sindano ya kwanza. Mtu aliyetulia kwenye methadoni, mimi simgusi.

KivuBoy
Ulevi kwa ulevi. Afunge na kuomba.

Yaya_Ibanda
Aombe, na kikombe anywe. Hospitali ya Muhimbili, hapo Dar, wanatoa methadoni tangu 2011, na WHO (Shirika la Afya Duniani) iliweka methadoni na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Anayekunywa vizuri anakwenda kazini kama wewe.

NaKadutu
Aksanti, yaya. Na kama akija kusalimia tu?

Shaba_Lushi
Aulize kliniki kabla ya kukata tiketi: watampa dozi za njiani, au hapana? Barua ya daktari iwe mfukoni kwa ajili ya mpakani. Asije akitegemea vidonge vya rejareja vya farmasi ya mtaa. Na akipewa chupa, ifungiwe kwa ufunguo: dozi yake moja inatosha kuua mtoto wa nyumbani.