Mwanamichezo alipwe mshahara wa askari?

Wakuu, kuna dada wa Uswisi anaitwa Selina Gasparin, alistaafu biathloni mwaka 2022. Ni ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na bunduki mgongoni, halafu unasimama kulenga shabaha iliyo mita 50 mbele wakati pumzi bado haijakaa sawa. Sochi 2014, mbio za kilomita 15, alipiga risasi zote 20 bila kukosa, akapata medali ya fedha. Ikawa medali ya kwanza ya Uswisi katika biathloni ya Olimpiki. Aliyemshinda, Darya Domracheva wa Belarus, alikosa moja akaongezewa dakika nzima, na bado alimwacha kwa zaidi ya dakika. Ile kasi acha tu.

Hoja yangu ni mshahara. Huyu dada alikuwa mlinzi wa mpaka. Serikali ndiyo iliyomlisha akifanya mazoezi. Ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia ulikuja Desemba 2013, akiwa na miaka 29. Mfadhili gani angesubiri hadi hapo? Akazaa watoto wawili, na kila mara akarudi kwenye theluji. Kampuni ya vinywaji ingeshamfuta kitambo. Mimi nasema sare ya serikali ndiyo udhamini wenye subira. Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, na ule mpaka nani alikuwa anaulinda? Mlipa kodi anaambiwa ameajiri askari, kumbe ameajiri mteleza theluji. Wakitaka kumlipa, waandike kwenye bajeti ya michezo, tujue.

MCHANGIAJI WA PILI: Mbona hata huku ndio mtindo? Mwanariadha Faith Kipyegon ni polisi Kenya. Alphonce Simbu aliyetuletea dhahabu ya marathoni kutoka mashindano ya dunia ya Tokyo 2025 ni askari wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania. Ondoa majeshi uone nani atabaki uwanjani.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Sikatai. Ila wengi wanapewa sare wakishaanza kushinda. Yule anayekimbia pekupeku kijijini hana jeshi wala mdhamini.

MLETA MADA: Hapo umenibana, nakubali. Kuhusu bajeti ya michezo lakini, mkuu, wewe unaijua ya kwetu. Ikipungua fedha huwa ya kwanza kukatwa. Mshahara wa askari haukatwi kwa sababu msimu ulikuwa mbaya.