Ndege wa Hombolo kiangazi hiki, hawa ni akina nani?

Mtoto_wa_Nala
Habari zenu wakuu. Jumamosi nilishuka Hombolo na boda, saa kumi na mbili na nusu asubuhi nishaanza kutembea kando ya bwawa, maana mnaijua Dodoma ya mwezi wa kumi, ikifika saa nne jua halina masihara. Maji yamerudi nyuma sana, tope liko wazi na yangeyange wamejaa humo wanadonoa visamaki vilivyobaki kwenye vidimbwi. Hao nawajua, mdiria pia namjua. Walionitoa jasho ni wawili. Kwenye mbuyu kulikuwa na vikasuku vya kijani, kichwa cheusi tii, shingoni njano, mdomo mwekundu, na jicho limezungukwa na duara jeupe utadhani wamevaa miwani, wanaingia na kutoka kwenye tundu kelele mtindo mmoja. Halafu chini kwenye nyasi kavu kuna kundi la ndege wa kijivu, mkia mrefu, jicho la njano. Ni akina nani? Na darubini ya kuanzia nichukue ipi?

Kongwa_Kwetu
Mkuu, wa kijani ni cherero, asili yake hapahapa Tanzania, na hao wa Kenya walipelekwa tu. Mibuyu anaipendea matundu. Wa kijivu ni kwezi, ila sio yule wa buluu anayeng'aa, huyu nje ya Tanzania ni shida kumpata, wazungu wanakata tiketi kuja kumtafuta we umemkuta kwa nauli ya boda 😂. Darubini chukua 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42), achana na zile za kukuza sana, mkono ukitetemeka kidogo tu huoni kitu.

Mkulima_Bahi
Nyie mnafurahia, sisi huku tukisikia ndege tunawaza kwelea kwelea. Mtama ukishaanza kuweka maziwa unashinda shambani na kombeo na debe la kugonga, ukienda kula tu ukirudi umebaki na mabua

Kongwa_Kwetu
Pole sana mkuu, kwelea hata mimi simtetei. Cherero naye anadonoa mtama nisiseme uongo, ila haji kwa wingi ule.

Dogo_Chang'ombe
Hao kasuku jozi inaenda bei gani nataka kufuga

Mama_Ntyuka
Mdogo wangu waache. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 huwezi kukamata bila kibali, na ile biashara ya kusafirisha wanyama hai nje serikali iliifunga 2016, cherero walibebwa sana enzi hizo. Mtoa mada, nenda tena mwezi ujao, mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya watakuwepo, wanakaa mpaka Machi Aprili huko. Mvua zikishika tafuta hondohondo, jike anajiziba ndani ya tundu la mti anabakiza upenyo wa mdomo tu, dume ndo anamlisha. Ukimwona dume ana mdudu mdomoni usimsogelee, hataenda kwenye tundu kama anakuona.

Mtoto_wa_Nala
Shukrani mama. Hiyo 8x42 hapa mjini inapatikana au mpaka niagize Kariakoo?