Mjadala: Hati za ICC dhidi ya Taliban, mashoga nao wamo?

Mleta mada: Wakuu, tarehe 8 Julai 2025 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) walitoa hati za kumkamata kiongozi mkuu wa Taliban, Haibatullah Akhundzada, na jaji mkuu wao, Abdul Hakim Haqqani, kwa kosa la kuwatesa watu kwa misingi ya jinsia. Habari nyingi ziliishia kwa wanawake na wasichana. Ila majaji wamewataja pia watu wanaoteswa kwa kuonekana wanakiuka sera ya Taliban kuhusu jinsia na jinsi mtu anavyojitambulisha. Mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia hapo wamo. Ni sawa?

Mchangiaji wa kwanza: Si sawa. Ibara ya 7(3) ya Mkataba wa Roma wa 1998, ulioiunda ICC, inasema jinsia ni mbili, ya kiume na ya kike. Ibara ya 22 inakataza kutanua maana ya kosa, na penye utata anayefaidika ni mtuhumiwa. Tanzania iliridhia maneno hayo 2002, si haya ya leo. Kesho watakuja na kifungu chetu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoharamisha ushoga.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, umenukuu nusu. Ibara hiyo inaendelea: "katika muktadha wa jamii." Maneno hayo yalivutaniwa sana pale Roma, Vatikani na nchi za Kiarabu upande mmoja, watetezi wa wanawake upande wa pili. Sasa angalia Sari Pul, Afghanistan, Juni 2024: watu 63 walichapwa viboko uwanja wa michezo, watu wakitazama, baadhi yao kwa kosa la ushoga. Mwanamume yule hakuchapwa kwa kuwa mwanamume. Kachapwa kwa kutokuwa mwanamume wanayemtaka wao. Kama hilo si jinsia katika muktadha wa jamii, ni nini? Na kwamba humpendi si hoja, mkataba haukulazimishi umpende. Kuhusu 154, tulia: lazima kuwe na shambulio dhidi ya raia, lililoenea au la kupangwa, kwa sera ya dola au kundi. Kifungu peke yake hakikufikishi The Hague.

Mleta mada: Hoja ya ibara ya 22 bado haijajibiwa, na mawakili wa utetezi wataanzia hapo, siku mtuhumiwa akipatikana. Mimi kinachonisumbua si Kabul, ni Kampala. Uganda ni mwanachama, na sheria yake ya 2023 ina adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya ushoga. Sheria ikianza kuambatana na misako ya nyumba kwa nyumba, mstari mnauchora wapi?