Viwanja vipya njia ya Naliendele, Mtwara: moto ukija tunatokea wapi?

Mama Chuno: Wenzangu, vigingi vimeshachomekwa na watu wanalipia. Juzi nilikwenda na mwanangu kukagua. Mtaa mzima una mdomo mmoja wa kutokea barabarani, na hapo mdomoni malori yamelala pande zote mbili. Nyuma ni shamba pori, nyasi zinanifika kifuani, na Agosti hii watu wanachoma mashamba. Sipingi nyumba, mimi mwenyewe ni mpangaji mwaka wa kumi na mbili. Nataka njia ya pili itengwe kabla viwanja havijaisha, na malori yapewe uwanja wao. Kumbukeni ule mji wa Paradise, California, moto ulivyowakuta watu kwenye foleni.

Fundi Ligula: Mama, unatutisha bure. California ni misitu ya misonobari. Ukitenga njia ya pili, viwanja vinapungua, vilivyobaki vinapanda bei, na mpangaji unayemsemea ndiye wa kwanza kukosa. Hao watu 58 wa Paradise waliungua na msitu wao.

Mwalimu Mikindani: 85, Fundi, si 58. Novemba 2018. Na chanzo kilikuwa laini kongwe ya umeme, kampuni ya umeme yenyewe, PG&E, ikakiri kosa mahakamani mwaka 2020. Mji ulikuwa na mpango wa kuhama kwa kanda, lakini moto uliwahi kuliko mpango. Skyway, barabara yao kuu, ilikuwa imepunguzwa njia za magari pale mjini miaka michache kabla. Watu waliacha magari katikati ya barabara wakakimbia kwa miguu. Tujadili foleni, misonobari tuiache.

Dereva wa Masafa: "Malori yamelala." Nani anapenda kulala pale? Nasubiri zamu ya kuingia bandarini siku tatu, najisaidia vichakani, halafu naitwa kero! Hizo nyumba mpya zina gari mbili mbili, geti linafungukia barabarani, bajaji ya mpangaji inalala nje. Mbona hizo hamzioni? Msimu wa korosho ukianza tutakuwa wengi kuliko hivi, na uwanja hatujaonyeshwa.

Mama Chuno: Kaka, nimeomba uwanja kwa ajili yako. Soma tena.

Bibi wa Shambani: Mimi nimesoma "shamba pori" na "watu wanachoma mashamba". Hilo shamba ni langu. Mikorosho ile tuliipanda na marehemu mume wangu mwaka 1978. Sisi si wachoma moto. Mkorosho unafagiliwa chini, kwa sababu korosho zinadondoka zenyewe na tunaziokota. Mwenye mkorosho ataleta moto chini yake?

Fundi Ligula: Bibi, kwa heshima, majani yake makavu yanawaka, na ganda la korosho lina mafuta. Tuseme ukweli.

Bibi wa Shambani: Wewe unanifundisha ganda? Nimekaanga korosho juu ya bati tangu nina miaka tisa. Mafuta yakitoka linashika moto lenyewe, moshi wake unachoma macho, unamwagia mchanga na kurudi nyuma. Kovu ninalo hapa chini ya kidole gumba. Mjukuu wangu, moto naujua.

Mwalimu Mikindani: Shikamoo bibi. Basi mbona nyasi zimefika kifuani?

Bibi wa Shambani: Marahaba. Kwa sababu niliambiwa shamba limeingia kwenye ramani, nisiendeleze, fidia inakuja. Huu mwaka wa pili. Kibarua nimlipe nini, na mti si wangu tena?

Dereva wa Masafa: Mti mmoja wanauhesabu kwa umri au kwa kilo? Mama yangu naye ameandikiwa hivyo hivyo.

Fundi Ligula: Mimi hilo sikulijua, bibi. Naomba radhi. Lakini viwanja bado vinatakiwa.

Mama Chuno: Bibi, nisamehe kwa neno pori. Ukituruhusu, Jumamosi tunakuja na majembe, tukwangue ukanda mpana kati ya shamba na zile nyumba, udongo ubaki mtupu.

Bibi wa Shambani: Njooni asubuhi. Mapanga yasiguse miche ya upande wa kisima, hiyo haimo kwenye karatasi yao.

Mwalimu Mikindani: Tuko pamoja. Na njia ya pili?

Dereva wa Masafa: Na uwanja wetu?