Mazda MX-5 ya 2001: pesa iende wapi kabla ya autokrosi ya kwanza?

Mgosi_Ohio:
Wakuu, habari zenu. Nipo Columbus, Ohio. Nimenunua Mazda MX-5 ya 2001, injini ya 1.8, gia za mkono, turubai jeusi. Klabu ya huku iliyo chini ya SCCA (chama cha magari ya michezo cha Marekani) inaendesha autokrosi, yaani kukimbiza gari moja moja kati ya koni kushindana na saa, kwenye uwanja mkubwa wa kuegeshea magari, na nimejiandikisha kwa mwezi ujao. Nimetenga dola 900. Jamaa mmoja kazini ananiambia niweke ekzosi na chipu ya injini, mwingine anasema nilishushe kwa springi fupi. Nataka pia gari ling'ae, maana rangi imefifia na rimu zimejaa weusi wa breki. Mliokwishakimbiza, nianze na nini?

Shangazi_wa_Koni:
Mdogo wangu, hongera kwa gari. Ekzosi na chipu achana navyo. Raundi moja ya autokrosi ni kama dakika moja tu, sehemu kubwa utakuwa gia ya pili, na anayeshinda ni yule anayetoka kwenye kona bila kupoteza mwendo. Springi fupi zina ubaya zaidi: zinakutoa daraja la Street, la magari ambayo hayajabadilishwa sana, na kukupeleka kwa watu waliokwishabadilisha nusu ya gari.

Kabla hujatoa hata senti, ingia chini ya gari. Ohio wanamwaga chumvi barabarani kila msimu wa baridi, na MX-5 za umri huo zinaoza sehemu mbili: kizingiti cha chini ya mlango, hasa kile kipande kilicho mbele ya tairi la nyuma, na reli za chasisi upande wa mbele. Bonyeza kwa kidole gumba, kisha gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza sauti yake imekufa na unga wa kahawia unadondoka. Mara nyingi chumvi inasaidiwa na maji ya mvua. Turubai lina mfereji wa kukusanya maji, nayo yanashuka kwa matundu mawili nyuma ya viti, moja kila upande, hadi chini ya gari. Majani yakiziba tundu, maji yanafurika ndani na kuishia kwenye kizingiti, yanakaa humo. Chukua uzi wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi, upitishe polepole, usilazimishe. Halafu mimina kikombe cha maji na mtu achungulie chini kama yanatoka. Ukiona kizingiti kimeanza kuoza, hizo dola 900 zote mpelekee fundi wa kuchomelea, na mashindano yasubiri. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu MX-5 za kizazi hiki hazitengenezwi tena, na kila moja linalooza limekwenda.

Kama chini ni salama, pesa iende kwenye matairi. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mzee unakauka, hata kama kashata bado ni nene. Kwa rimu za inchi 15 tafuta saizi ya 195/50R15, na daraja la Street linataka kiwango cha uchakavu (treadwear, namba iliyoandikwa ubavuni) kisiwe chini ya 200. Tairi la Hankook RS4 linadumu. Bridgestone RE-71RS na Yokohama A052 zinashika zaidi lakini zinaisha haraka, kwa hiyo mimi ningempa anayeanza RS4, apate raundi nyingi za kujifunzia. Salio libadilishie oili ya breki.

Upepo: Mazda wameandika psi 26. Anza na 30, kisha chora mistari ya chaki nyeupe kuanzia kwenye kashata kushuka ubavuni, sehemu tatu za kila tairi la mbele. Kwenye bega la tairi kuna kialama kidogo cha pembetatu. Ukimaliza raundi, chaki iwe imefutika mpaka hapo. Ikifutika kupita pembetatu, tairi linalala, ongeza. Ikibaki juu yake, punguza. Pima kila raundi, maana tairi likipata moto upepo unapanda.

MurramNairobi:
Shangazi amesema ukweli. Kwetu autocross ni ya vumbi, si ya lami. Pale Jamhuri Park kila gari ikipita inachimba, kwa hivyo njia uliyoona asubuhi sio ile utapata mchana. Wewe koni zako hazihami, basi tembea kozi kwa miguu hadi uijue bila kufikiria. Na ukiwa ndani ya gari, usiangalie koni iliyo mbele ya pua. Angalia ile ya baada yake, mikono itafuata macho.

Mgosi_Ohio:
Asanteni sana. Chini nimegonga, kunalia vizuri pande zote mbili. Tundu la kulia lilikuwa limeziba kabisa, limetoa tope jeusi. Sasa nikigusa koni inakuwaje? Na hiyo rangi?

Shangazi_wa_Koni:
Alhamdulillah kwa hicho kizingiti.

Kila koni imechorewa mstari wa chaki kuzunguka kitako chake. Ikianguka, au ikitoka nje ya mstari mzima mzima, unaongezewa sekunde 2. Ikisogea lakini bado imesimama na kitako kinagusa mstari, huna deni. Ukiruka geti, yaani koni mbili za kupita katikati yake, raundi hiyo haihesabiki. Utayajua haya vizuri zaidi ukiwa zamu ya kusimamia koni, kwa sababu nusu ya watu wanakimbiza na nusu wanafanya kazi uwanjani. Omba kona ngumu, uwaangalie wazoefu wanavyokanyaga breki mapema na kuiachia polepole.

Kuhusu rangi, osha kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwa ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia glavu. Rimu zipulizie dawa ya kuyeyusha vumbi la chuma, utaona inageuka zambarau, suuza kabla haijakauka. Kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi juu ya maji ya sabuni, ndipo upige polishi na nta. Turubai usilipeleke kwenye mashine ya brashi. Ile michirizi ya rangi ya machungwa koni inayoacha kwenye bampa inaondoka kwa dawa ya kuondolea lami, kwa hiyo usiikwangue.

Siku yenyewe toa kila kitu ndani ya gari, hata mazulia ya miguu. Betri ya MX-5 iko kwenye buti, na mkaguzi ataitikisa kwa mkono. Ikicheza, hukimbizi, basi ifunge leo.